Jeti za oili chini ya pistoni: kuziba au kuziacha?

Fundi mmoja wa Ndeeba, Kampala, alinimiminia mkononi vijibomba sita vya chuma, akasema, "Ssebo, hivi tumevitoa. Vinaiba presha ya oili." Injini iliyoning'inia kwenye stendi nyuma yake ilikuwa 2JZ-GTE kutoka Toyota Aristo, imepewa tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kubwa kuliko ile ya kiwandani, pistoni mpya zilizofuliwa (forged), na matumaini mengi. Matundu ya jeti hizo yalikuwa yameshazibwa. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye tairi akinywa soda, ameridhika kabisa.

Mimi sikuridhika, ingawa fundi yule si mjinga. Anachosema kinasemwa na mafundi wakubwa duniani kote.

Kila jeti hukaa chini ya silinda, huchota oili kwenye njia kuu ya ndani ya bloku na kuirusha tumboni mwa pistoni. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini huanza kulegea mapema zaidi, na uso wa pistoni ya injini ya tabo inayosukumwa kwa nguvu hufika nyuzi 300 bila taabu. Joto hilo hutoka kwa njia mbili kubwa: ringi hulipeleka kwenye ukuta wa silinda na hatimaye kwenye maji, na oili hubeba fungu lake kutoka chini. Ukiziba jeti, oili inayobaki ni ile tu inayorushwa na beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Wanaoziba wana hoja nzito. Pampu ya oili ina kikomo, na kila jeti ni tundu linalokula sehemu ya kazi yake. Injini ikizungushwa mizunguko 8,000 kwa dakika, beringi za koni (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) ndizo zinazokufa kwanza, kwa hiyo oili ipelekwe huko. Tena oili inayodondoka juu ya krenki inayozunguka hula nguvu kidogo na kugeuka povu. Joto lililotolewa kwenye pistoni nalo halipotei, linahamia kwenye oili, na gari lisilo na rejeta ya oili litakuwa na oili nyepesi kama maji kabla hujamaliza kupanda kilima. Halafu kuna suala la nafasi: ukifunga krenki yenye mwendo mrefu au pistoni yenye sketi ndefu, yaani ukuta wake wa chini, jeti inaweza kugongwa. Mafundi wengine huikunja kidogo ipishe, na jeti iliyokunjwa humwagia ukuta wa silinda badala ya pistoni.

Ushahidi wao mkubwa ni ndugu wa injini ile ile, 2JZ-GE isiyo na tabo. Toyota haikuiwekea jeti. Hata hivyo watu wa Australia na Marekani wameifungia tabo, wakaitoa nguvu nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na zimeishi.

Hoja ya presha, lakini, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika sana Kampala. Jeti za namna hii huwa na vali ya springi inayosubiri presha ipande, kwenye bar 2 hivi, ndipo ifunguke. Gari likinguruma polepole zimefungwa, beringi zinapata zote. Mizunguko ikipanda, pampu iliyo nzima huwa na ziada ambayo vali yake huirudisha tu kwenye sampu, trei ya oili chini ya injini. Mshale wa presha ukishuka, mimi ningeanza kushuku pampu iliyochakaa au beringi zenye nafasi kubwa. Injini hizi zina miaka 20 na zaidi, nyingi zimenunuliwa zikiwa zimetumika, na hakuna ajuaye zimekimbia kilomita ngapi. Kuziba jeti hapo ni kumpa mgonjwa wa malaria Panadol: homa itashuka, malaria iko pale pale.

Kinachoamua mambo, kwa maoni yangu, ni muda. Mbio za mita 400 huisha kwa sekunde kumi na kidogo. Pistoni haijaiva vizuri, dereva ameshaachia mafuta. Kwa gari la kazi hiyo tu, sina ugomvi na anayeziba. Lakini wangapi hapa wana gari la kazi hiyo tu? Aristo hiyo hiyo Jumatatu iko kwenye foleni ya Jinja Road, na Desemba itapakia familia kwenda Kabale. Ukipita Mbarara vilima vinaanza, na injini inabaki chini ya mzigo kwa dakika nyingi mfululizo. Muulize fundi yeyote wa malori yanayopanda kwenda Katuna kama angeziba jeti za dizeli yake ya tabo. Atakucheka.

Mwinuko wetu nao unaongeza joto. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina presha kama bar 0.88. Kompyuta ikilenga presha ile ile ndani ya injini ambayo ingelengwa Mombasa, tabo inalazimika kuibana hewa zaidi, na hewa iliyobanwa zaidi huingia ikiwa ya moto zaidi. Hapo ndipo injini huanza kunoki, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka wenyewe kwa kishindo, na kunoki huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Pistoni yenye uso wa baridi kidogo hunoki kwa shida zaidi.

Na zile pistoni zilizofuliwa? Aloi ya aluminiamu ya 2618 ni imara kwenye joto, lakini hutanuka sana, ndiyo maana hupewa nafasi kubwa ndani ya silinda. Ukiondoa jeti, pistoni itakuwa ya moto zaidi na itatanuka zaidi. Vipimo vya nafasi ile vilikuwa vya injini yenye jeti au isiyo nazo? Nilimuuliza fundi. Alisema alifuata karatasi iliyokuja na pistoni.

Kuhusu 2JZ-GE, inathibitisha kwamba injini inaweza kuishi bila jeti. Haithibitishi kwamba inaishi vizuri zaidi. Toyota iliweka jeti sita kwenye bloku la tabo na kuacha kuweka kwenye lile lisilo na tabo, na viwanda havina desturi ya kulipia vyuma visivyo na kazi. Ningekuwa mwenye gari, pesa za tabo kubwa ningezipunguza, ninunue pampu mpya, rejeta ya oili yenye thamostati, na geji ya joto la oili. Ile ya maji huchelewa kukwambia kitu.

Mwenye gari alipomaliza soda nilimuuliza Krismasi atakuwa wapi. "Kabale, kwa mama." Nikamgeukia fundi nikamwomba vile vijibomba asivitupe. Amevitia kwenye kopo la Blue Band, juu ya rafu.