Nilichuchumaa, Sikupiga Magoti

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile klipu, tuelewane jambo moja: sikupiga magoti. Nilichuchumaa. Anayesema hakuna tofauti hajawahi kudaiwa.

Aliyeipandisha ni jamaa yangu wa siku nyingi. Namhifadhia jina kwa sababu mama yake ananipenda. Juu ya video ameandika "Mshereheshaji amwaga chozi jukwaani, kisa kodi". Sikulia. Kile kinachong'aa shavuni ni jasho, feni za ule ukumbi zilikuwa zinazunguka kwa heshima tu. Halafu klipu ameikata. Imeanzia pale mzee anapouliza tarehe, wakati kabla ya hapo kuna mateso marefu ambayo hamkuyaona, na bila hayo mimi naonekana chizi. Kwa hiyo kaeni, mpate habari kutoka kwa mfiwa mwenyewe.

Mzee mnamjua. Simtaji, ana wajukuu wengi na wote wana bando. Nikisema ni yule mwenye nyumba, yule wa filamu za kwenye kanda, anayetokea uani asubuhi na mswaki mdomoni wapangaji wote wakajifungia vyumbani, nadhani nimemaliza. Kama wengi wa rika lake, alianzia michezo ya redio enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni ilipokuja huku Bara mwaka 1994 akaingia nayo. (Wazanzibari najua, ninyi mlikuwa na ya rangi tangu miaka ya sabini, msinianze.) Zikaja filamu za video, na huko ndiko alikogeuka mwenye nyumba wa taifa zima. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, akitokea tu kwenye skrini, watu wazima na ndevu zao walikuwa wanashusha sauti.

Basi kukawa na jioni ya kuwaenzi wasanii wakongwe pale Kinondoni, nikapewa kazi ya kumhoji jukwaani. Mada: namna alivyouvaa uhusika. Nilijiandaa, jamani. Nilirudia kutazama kazi zake mpaka macho yakawa mekundu. Nikaandika maswali kwenye vikadi, nikavipanga kwa rangi. Nikanunua na viatu. Hivyo viatu vikumbukeni, vitarudi.

Nyuma ya jukwaa binti yake alinivuta pembeni. "Kaka, baba haongelei kazi zake. Hata sisi nyumbani haongei. Muulize mambo ya shamba, ana mihogo yake Mkuranga."

Nikamwambia, dada usiwe na wasiwasi, mimi kuwafungua watu ndiyo kazi yangu.

Tukapanda. Shikamoo mzee wangu, marahaba kijana, makofi, soda ikaletwa. Nikachomoa kadi ya kwanza, ya kijani.

"Mzee wangu, ule uhusika wa mwenye nyumba uliupataje?"

"Nilipewa."

Watu wakacheka kidogo. Nikacheka nao, nikijua anapasha misuli.

"Na baada ya kupewa, ulijiandaaje?"

"Nilioga."

"Hahaha! Mzee ana utani! Na siku ile ya kurekodi, pale kamera inapowashwa, ndani yako ulikuwa unasikia nini?"

Hapo akafikiri. Kweli alifikiri, akatazama hadi dari. Nikasogea mbele, yule wa kamera naye akasogea. Ukumbi ukatulia.

"Njaa."

Wadau mliosomea uandishi wa habari, nisaidieni. Darasani tuliambiwa usiulize swali la ndiyo na hapana, uliza swali wazi. Mimi niliuliza maswali wazi. Mzee akayafunga moja moja na funguo akatia mfukoni. Nikamuuliza yule mwenye nyumba ni mkatili kweli au ana machungu yake moyoni, akanijibu, "Muulize yeye." Nikamuuliza kama kuna mwenye nyumba wa kweli aliyemwiga, akaniuliza kama soda yangu siinywi.

Kadi za kijani zikaisha. Za njano zikaisha. Jamaa yangu (huyo huyo wa klipu) alikuwa amekaa safu ya mbele, na nilimwona anatoa simu mfukoni. Hayo ndiyo marafiki.

Nikaamua kutumia silaha nzito, historia. Nikawageukia watu, nikawakumbusha kwamba nchi hii uigizaji haukuanza jana. Mzee wetu Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, kabla ya siasa alikuwa steringi. Ndiye aliyecheza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu mwaka 1952, na miaka kumi baadaye, 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ukumbi ukaguna kwa kuvutiwa. Nikajisikia mtu. Nikamrudia mzee.

"Sasa wewe kama mwigizaji, unadhani Kawawa alichukua nini kwenye uigizaji akaenda nacho kwenye uongozi?"

"Kamuulize."

"Mzee wangu, Kawawa alishafariki. Mwaka 2009."

"Si unaona? Kafa hajasema."

Hapo ukumbi ulivunjika. Kuna mama alipiga kofi mgongo wa mtu asiyemjua. Na mzee, kwa mara ya kwanza jioni ile, akasogeza maiki karibu na mdomo kwa hiari yake.

"Ila umetaja muhogo mchungu," akasema.

Ndugu zangu, alizungumza. Alizungumza kama redio iliyopata betri mpya. Kwamba vijana wa siku hizi wanaujua muhogo wa kukaanga wa barabarani tu, wa chachandu na pilipili. Kwamba ule mchungu una sumu, ukiupika hivihivi unazika mtu. Kwamba unaumenya, unauloweka mpaka ulainike, unauanika ukauke kabisa, ndipo utwange upate unga wa ugali. Kwamba watu wanaupanda hivyo hivyo na uchungu wake kwa sababu ngedere na nguruwe pori wakishauonja wanakwenda kutafuta shamba lingine. Watu walikuwa wanaandika! Mtu mmoja akauliza swali kutoka nyuma kuhusu mbegu, akajibiwa kwa upole na kwa kirefu. Mimi nimesimama pale na vikadi vyangu, sina tena kazi.

Mtu mwenye akili angeliacha shamba liendelee, tukafunga kwa dua, tukaenda kula. Lakini nilikuwa nimebakiwa na kadi moja nyekundu, na safu ya mbele walikaa waandaaji, na waandaaji ndio wenye hela yangu. Nikamkatiza.

"Mzee wangu, nakuomba. Utuonjeshe hata kidogo tu. Yule mwenye nyumba anatoka wapi?"

Akanyamaza. Akaishusha maiki, akailaza mezani pembeni ya soda. Nikajua amekataa, basi. Nikampa mgongo, nikawageukia watu niombe makofi ya kuagana.

Nyuma yangu ikasema sauti:

"Leo tarehe ngapi?"

Naomba twende polepole hapa, kwa sababu klipu inakimbia mno.

Haikuwa sauti kubwa. Haikuwa hata na hasira, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mwenye nyumba mwenye hasira unaweza kugombana naye, mkatukanana, mwezi ukapita. Huyu aliuliza kama mtu ambaye kalenda anayo.

Nikageuka. Yule mzee wa mihogo hakuwepo. Baraghashia ile ile, koti lile lile, soda ile ile imebaki nusu, lakini aliyekaa pale alikaa kama kiti ni chake, jukwaa ni lake, ukumbi ni wake, na mimi nimeingia bila hodi. Usoni hakuniangalia. Aliangalia viatu vyangu. Vipya. Akakitazama cha kushoto, akahamia cha kulia. Akaanza kupanda taratibu na suruali, akapita mkanda, akafika kwenye tai, akayatuliza macho hapo kwa muda.

"Mh," akasema.

"Ishirini na nane, mzee," nikajibu. Na naapa, mpaka hapo nilikuwa bado mshereheshaji. Nilijua ni mchezo. Hata yule wa kamera nilimkonyeza.

"Ya mwezi gani?"

Sasa lazima niwape jambo ambalo nisingewapa kwa hiari. Mimi napanga chumba Mabibo. Mnazijua nyumba zetu, kodi miezi sita mbele. Nilipoingia nililipa miezi sita kama mwanaume, kisha nikamwomba mama mwenye nyumba niwe namlipa mwezi kwa mwezi, naye kwa huruma yake akakubali, na huo mwezi kwa mwezi ukaanza kuwa mwezi kwa miezi. Kwa hiyo mzee alipouliza ya mwezi gani, kichwani mwangu halikusikika kama swali la kalenda. Mikono yote miwili ikaanza kuishika maiki.

Akavuta pumzi puani. Kisha, taratibu kabisa:

"Kodi yangu?"

Magoti yakakunja. Yakakunja yenyewe! Nikajikuta chini nimechuchumaa, mdomo uko kwenye maiki, na kwenye spika zote za ule ukumbi inasikika sauti ya mtu ninayemfahamu sana ikisema:

"Mzee wangu nivumilie mpaka tarehe tano, kuna hela nasubiri kwa hawa" (na mkono, Mungu wangu, mkono ukawaonyesha waandaaji) "wakinipa nakuja moja kwa moja, sipiti popote. Na ya umeme nitachangia. Ile LUKU ya mwezi uliopita haikuliwa na friji la dada wa chumba cha mbele. Nilisema ni friji. Haikuwa friji. Nina hita."

Kimya.

Na yeye akakiacha kile kimya. Hilo tu ndilo nashindwa kumsamehe. Angeweza kucheka, angeweza kunishika bega tukamaliza. Alinitazama tu, mimi niko chini na tai yangu, na nikasikia feni, na nikasikia mtoto anauliza "mama, hita ni nini?" Mzee akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa akishuku siku nyingi.

"Hita," akasema.

Kilichofuata mmekiona. Watu walisimama juu ya viti. Mzee akachukua soda yake, akanywa funda, akavuta maiki, na yule wa Mkuranga akawa amerudi, mpole, macho ya babu.

"Haya, swali lingine?"

Halikuwepo. DJ akaweka muziki.

Mengine niyakimbize. Waandaaji wamesema hela yangu itatoka tarehe tano, kwa kuwa tarehe nimeitaja mwenyewe mbele ya mashahidi. Dada wa chumba cha mbele hanisalimii, na friji lake amelibandika karatasi iliyoandikwa "ASIYE NA HATIA". Mzee alinipa mfuko wa mihogo wakati wa kuondoka, ile mitamu, akaninong'oneza: "Kijana, unajua kuigiza." Nikamwambia asante mzee wangu. Ningemwambia nini?

Kuna mfuasi wangu mmoja ameniandikia kunifariji. Anasema wakongwe ndivyo walivyo duniani kote, hata Robert De Niro, mtu aliyekata leseni akaendesha teksi New York kwa ajili ya uhusika, na kwa uhusika wa bondia akanenepa zaidi ya kilo ishirini, ukimtaka aelezee hayo anakuwa bubu. Mwaka 2015 alikatisha mahojiano na jarida la Radio Times la Uingereza, akaondoka zake. Nimefarijika, ndugu yangu, ubarikiwe. Ila huyo mwandishi aliachwa na kiti kitupu tu. Hakudaiwa.

Mama mwenye nyumba hana simu ya klipu, ana ile ya tochi. Hilo ndilo lilikuwa tumaini langu lote. Asubuhi hii mjukuu wake amenitumia sauti aliyomrekodi bibi yake, nimeisikiliza nikiwa kwenye daladala, spika wazi, kwa sababu siku ikiamua kukumaliza haina haraka:

"Mwanangu, nimekuona. Suti imekukaa, na viatu vizuri. Sasa hiyo tarehe tano uliyomwahidi yule mzee, usije ukampelekea yeye. Na hita uje nayo mkononi."