Kupiga Windows 7 kwenye madabodi mpya: ubishi wa Chikongola

Ubishi ulianzia kwenye harufu ya moshi. Jamaa mmoja wa Chikongola, Mtwara mjini, anakata stika za pikipiki na bajaji. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta yake, ikaungua. Akaagiza mpya Kariakoo, ya prosesa za Intel kizazi cha kumi, ikaja na basi. Akampelekea fundi na sharti moja: "Nipigie Windows 7 ileile," yaani amwekee mfumo uleule wa zamani. Fundi akakataa. Mteja akasema huyu hajui kazi. Mimi nilikuwa kwenye benchi nasubiri printa yangu, na kwa nilivyowasikia, kila mmoja alikuwa na haki yake, ila hazikulingana uzito.

Nianze na mteja, maana watu wa aina yake huonewa haraka. Anayedai Windows 7 leo hudhaniwa mbishi tu. Lakini mashine yake ya stika alinunua pamoja na programu, leseni imo kwenye kidude kinachochomekwa nyuma ya kompyuta, na draiva ya kidude hicho, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia, iliishia kwenye Windows 7. Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba hivi, hela ikianza kuzunguka, pikipiki mpya hupanga foleni pale nje zikisubiri majina na misemo. Kumwambia abadilishe mashine na programu kwa ajili ya madabodi ni kumwambia auze shamba anunue jembe.

Fundi naye hakuwa mvivu. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na ndani yake hakuna draiva ya USB 3.0, yale matundu ya USB ya kisasa. Kwa miaka kadhaa hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa madabodi zilibeba pia kidhibiti cha USB 2.0 cha kizamani. Mwaka 2015 Intel ilikiondoa kwenye chipseti, yaani chipu kuu za madabodi, za mfululizo wa 100. Matokeo yake kila fundi anayajua: unachomeka flashi, ukurasa wa kwanza wa setapu unafunguka vizuri, halafu mausi imekufa na kibodi imekufa. Au setapu inakudai draiva ya CD, na CD yenyewe haipo hata ya kuning'iniza shambani kufukuzia ndege.

Ujanja upo. Madabodi nyingi bado zina tundu la duara la PS/2, kwa hiyo kibodi ya zamani inaokoa jahazi hapo mwanzo. Anayejua zaidi huingiza draiva za USB ndani ya mafaili ya setapu, boot.wim na install.wim, kabla ya kuchoma flashi. Diski ikiwa ya NVMe, aina mpya yenye kasi, Windows 7 haiioni mpaka uongeze kiraka (sasisho la kurekebisha) cha Microsoft, KB2990941. Usiku mmoja wa kazi, tuseme, na bando la kutosha.

Picha ya kwenye skrini ndiyo inayovunja moyo. Kwa prosesa za kizazi cha kumi kama yake, Intel haikuweka draiva rasmi za picha za Windows 7, na Microsoft nayo ikazuia masasisho kwa Windows 7 iliyopigwa kwenye prosesa mpya. Unaweza kuweka kadi ya picha ya NVIDIA, ambao draiva zao za kawaida za Windows 7 ziliendelea hadi 2021. Sasa umenunua madabodi, umenunua na kadi, ili urudi pale ulipokuwa kabla umeme haujakatika.

Ndipo watu wanapoangukia draiva za kuchakachua, na hapo niko upande wa fundi bila kusita. Draiva inaingia ndani kabisa ya mfumo. Draiva isiyo na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, iliyokarabatiwa na mtu usiyemjua, ikikulazimisha kwanza uzime ukaguzi wa sahihi, umempa mgeni funguo za nyumba yote. Yale mafurushi ya "draiva zote bure" ni hivyohivyo, mengi huja na matangazo ambayo hukuyaomba. Bora ufungue orodha ya vifaa ndani ya Windows usome namba ya chipu: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek. Ukishajua chipu, tafuta draiva kwa mtengenezaji wake. Kadi ya mtandao ya Realtek 8111, kwa mfano, draiva yake ya Windows 7 ipo. Kama kwa mtengenezaji haipo, basi haipo.

Hoja ya usalama ambayo fundi aliisisitiza sana, mimi naipunguza kidogo. Ni kweli masasisho ya kawaida yaliisha tarehe 14 Januari 2020, kivinjari cha Chrome kikaishia toleo la 109, na mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilizipiga zaidi kompyuta za Windows 7 zisizo na kiraka. Lakini kompyuta ya kukata stika inahitaji intaneti ya nini? Chomoa waya. Hatari yake kubwa ni flashi za wateja zenye virusi vya shotikati, vinavyoficha mafaili na kuacha shotikati, na hivyo havibagui toleo la Windows.

Kosa la mteja, kwa maoni yangu, ni kununua kwanza na kuuliza baadaye. Madabodi iliyotumika yenye chipseti ya H81, ya prosesa za Intel kizazi cha nne, inapokea Windows 7 bila mazingaombwe, na draiva zake zote ni rasmi. Kosa la fundi ni kusema "haiwezekani" na kugeukia simu yake. Angemwambia hayo ya H81 mapema, tusingefika kwenye kelele.

Nilipoondoka mteja alikuwa anapiga simu Kariakoo kuulizia H81 na prosesa yake. Ile mpya imepigwa Windows 10, ipo kaunta, inapokea kazi za wateja. Kidude cha leseni kilikuwa bado mfukoni mwake, kimefungwa kwenye kitambaa.