Ukinyimwa PIP na una usonji: ukate rufaa au uache yaishe?

Mdogo wangu ana miaka 29, ana usonji, na anaweza kupika tambi. Naanza na hizo tambi mana kesi yake nzima ya PIP, malipo ya ulemavu ya Uingereza, ilikwama hapo. Mtathmini alimpigia simu akamuuliza, unaweza kujipikia? Akajibu ndiyo. Na hakudanganya, anaweza kweli. Hakuulizwa nani anamkumbusha kwamba saa ya kula imefika, wala nani alibandika utepe mwekundu kwenye swichi ya jiko ili akiuona akumbuke kuzima, na yeye ukimuuliza swali moja anajibu hilohilo moja, haongezi kitu. Ripoti ikaandikwa kwamba anajipikia mwenyewe, anaongea vizuri kwenye simu, hakuonyesha wasiwasi wowote. Barua ilipokuja ilikuwa sifuri kila mstari.

Tangu hapo nimeulizwa na Waswahili wengi wa huku Uingereza, wenye watoto wakubwa au ndugu wenye usonji, na wengine wenye usonji wao wenyewe: tukate rufaa au tuache? Jibu linalotembea ni moja, kata tu, wengi wanashinda. Mimi nalikubali nusu, na nataka nieleze kwa nini ni nusu.

Kwa asiyejua, PIP (Personal Independence Payment) ni malipo ya ulemavu yaliyoanza 2013 kwa watu wa umri wa kufanya kazi, England, Wales na Ireland ya Kaskazini (Scotland wana yao). Haiangalii kipato, unaweza ukawa kazini na bado ukapata. Inapima shughuli 12, kumi za maisha ya kila siku kama kupika, kuoga, kuvaa, kuongea, kukaa na watu, kupanga hela, na mbili za kutembea na kusafiri. Kila upande, ukifika pointi 8 unapata kiwango cha kawaida, ukifika 12 unapata cha juu. Kwa mwaka wa 2025/26 upande wa maisha ya kila siku ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki au 110.40. Sio hela ndogo kwa mtu ambaye hawezi kushika shifti tatu mfululizo. Ila kabla ya yote angalia viza yako, kama imeandikwa huruhusiwi kutumia fedha za umma usijaze chochote kwanza, tafuta ushauri, mana unaweza kuharibu makaratasi yako ya ukaazi.

Sasa, upande wa serikali una hoja na sipendi tunavyoupita haraka. PIP haikulipi kwa sababu una jina la ugonjwa, inalipa kwa jinsi hali inavyokuzuia. Kwa usonji hilo lina mantiki kabisa, mana watu wawili wenye karatasi ileile ya daktari, mmoja ni mhasibu anaishi peke yake, mwingine hajatoka nje wiki ya tatu. Ukilipa kwa jina tu utawakosea wote wawili. Na tena, kuna kesi zinazogeuka kwenye rufaa kwa sababu mtu alieleza kwa mdomo mambo ambayo hayakuwepo kwenye fomu. Yani yule aliyeamua mwanzo hakuwa lazima mtu mbaya, hakuambiwa. Hilo la mwisho liliniuma, mana fomu ya mdogo wangu niliijaza mimi.

Niliandika nini? Niliandika anajitahidi. Niliandika tunamsaidia kidogo kidogo. Ndivyo tulivyolelewa, mambo ya ndani yanabaki ndani, na mtoto wa watu humwagi aibu yake kwa wageni. Sikuandika kwamba kila siku saa saba kasoro dakika ishirini nampigia simu nikiwa kazini, nabaki kwenye laini mpaka nisikie maji yamechemka na swichi imezimwa. Sikuandika kwamba asiposukumwa anakaa siku sita bila kuoga, sio kwa uvivu, maji yakigusa kichwa anasema ni kama sindano. Kwangu mimi hayo hayakuwa msaada, ilikuwa ni kuwa dada tu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio chetu kilikuja kwa posta.

Wakati sheria yenyewe, ukiisoma, inamlinda zaidi kuliko mtathmini alivyouliza. Inasema huwezi kuhesabiwa unaweza kitu kama hukifanyi kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila kinapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaotumia mtu asiye na hali hiyo. Na iwe hivyo kwa zaidi ya nusu ya siku zote. Kukumbushwa na kuhimizwa na mtu kunahesabika, pointi 2 kwenye kupika, 2 kwenye kuoga, 2 kwenye kuvaa, 2 kwenye kukaa na watu, tayari ni 8 hiyo. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba hata kuhimizwa na ndugu anayekujua vizuri kunaweza kuhesabika kama msaada wa kijamii, ambao ni pointi 4 kwenye kukaa na watu, na sio lazima huyo ndugu awe amekaa pembeni yako wakati unaongea na watu. Kwa mtu mwenye usonji uamuzi huo ni mkubwa sana.

Kwa hiyo upande wa kukata rufaa una nguvu. Wanaofika mbele ya baraza la rufaa, kwa miaka mingi sasa, kama wawili kati ya watatu wanashinda. Hulipi kitu. Baraza haliko chini ya wizara iliyokunyima, wanakaa watu watatu, jaji, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu. Kiingereza kikiwa kigumu wanakuletea mkalimani bure, usimbebe mtoto wako akutafsirie.

Ila hiyo wawili kati ya watatu ni ya waliofika. Kabla yake kuna mlango mwingine, lazima kwanza uombe wizara ileile iangalie upya uamuzi wake, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Sisi jibu lilirudi karibu maneno yaleyale, na hapo ndo wengi wanaachia, na wanaoachia, nionavyo mimi, ni wale wenye hali ngumu zaidi. Fikiria unachoombwa. Mtu ambaye barua ya kahawia tu inamfanya ajifungie chumbani anatakiwa apige simu, ashike tarehe, asubiri miezi ambayo haina siku kamili, kisha aingie kwenye chumba asichokijua aulizwe na watu watatu mfululizo kuhusu choo na kuoga. Mtu mwenye usonji kutojua lini ni adhabu peke yake. Mdogo wangu kwa miezi yote ile alikuwa anauliza asubuhi, ni leo? Nasema sio leo. Kesho yake tena, ni leo? Na kitu kingine, ili ushinde inabidi ukusanye kila usichokiweza ukisome kwa sauti, yeye akiwa anasikiliza. Nilimsomea maelezo yangu kabla sijatuma mana ni yake, hakuna namna. Akanyamaza muda mrefu, akauliza, kwani mimi ni mbaya hivi?

Sina jibu la swali hilo linaloweza kulipwa na pauni 73. Ndo mana wakinyooshea kidole mtu aliyeacha rufaa, kwamba amechezea haki yake, nasikia vibaya. Kuna watu wameacha ili wabaki wazima.

Kuna na hesabu ya pili ambayo watu hawaambiwi. Kama umeshapewa kiwango cha kawaida na unadai cha juu, baraza lina mamlaka ya kuangalia malipo yote upya, linaweza kupandisha, kuacha, au kushusha mpaka sifuri. Wakiona hatari hiyo wanatakiwa wakuonye upate nafasi ya kujitoa, lakini mtu mwenye usonji akionywa hivyo pale mezani, ghafla, atafikiria saa ngapi? Kwa hiyo msimamo wangu mimi, ukipewa sifuri na una mtu wa kusimama na wewe, kata, huna cha kupoteza upande wa hela. Ukiwa umeshapewa kidogo, kaa na mtu wa Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) au mshauri mwingine wa mafao mpitie ripoti mstari kwa mstari kabla hujasaini. Nakala ya ripoti ya mtathmini ni haki yako, iombe. Na andika kwenye fomu ya rufaa unachohitaji, mapumziko, swali moja moja, taa isiyo kali. Ukiwa na nguvu ya kuongea nao usichague kuamuliwa kwa makaratasi tu, mana kilichokosekana kwenye makaratasi ndo kilikuponza.

Mengine hata hayako mikononi mwetu. Machi 2025 serikali ilitaka lazima mtu apate angalau pointi 4 kwenye shughuli moja, yani wale wa mbili mbili mbili, wakiwemo baadhi ya wenye usonji, wangetoka. Wabunge wa chama chao wakagoma, Julai ikaondolewa kusubiri mapitio ya waziri Stephen Timms. Hoja yao ya gharama haijafa, na sisemi ni hoja ya uongo, nasema wasibane kwa mtu anayekumbushwa kila kitu akaonekana hana shida.

Siku yetu, chumba kilikuwa kidogo, meza ya kawaida, hakuna majoho. Nilikuwa na daftari la miezi miwili, kila simu ya saa saba kasoro imeandikwa. Daktari hakumuuliza unaweza kupika. Alimuuliza, jana ulikula nini mchana?

Akasema, sikula.

Kwa nini?

Dada hakupiga.

Alisema dada, kwa Kiswahili hivohivo katikati ya Kiingereza chake, na jaji akauliza Dada ndo nani. Nikanyoosha mkono. Ilikuwa kweli, jana yake nilikuwa kwenye treni na simu iliisha chaji, na sikujua kama hakula mpaka nilipomsikia pale. Kwenye daftari mstari huo ulikuwa mtupu.

Walitupa pointi 10, nne za kupika kwa kusimamiwa, mbili za kuoga, nne za kukaa na watu. Upande wa safari walibaki na sifuri, na mimi naamini walikosea, mana njia asiyoijua hawezi peke yake. Kuna ngazi ya juu ya kwenda ila ni kwa kosa la kisheria tu, nikamuuliza tuendelee? Akasema hapana, akalala siku mbili. Nimeheshimu.

Malipo yamepitishwa kwa miaka mitatu, halafu fomu inarudi. Daftari bado naandika, na utepe wa jiko nimeubadilisha, ule wa zamani ulianza kubanduka.