Kufunga 13 si dharau
Kuna mwandishi anasema timu ya soka ya wanawake ya Marekani walipaswa kuacha kufunga walipoona Thailand wameshazidiwa, kwamba ile 13-0 ya Reims, Ufaransa, Juni 2019, ilikuwa ni kuwadhalilisha wenzao. Hapo sikubaliani naye. Ilikuwa hatua ya makundi Kombe la Dunia la Wanawake, tofauti ya mabao inahesabika, na mapumziko yalikuwa 3-0 tu. Mimi nimedaka timu ya wasichana shuleni, tukapigwa 9. Lile bao la tisa halikuniuma kama pale wapinzani walipoanza kupiga danadana mbele ya goli langu huku watu pembeni wakicheka. Nilitamani waendelee kufunga, angalau hapo wangekuwa wanatuchukulia kama timu. Ila Megan Rapinoe wa Marekani kushangilia bao lao la tisa kwa kuteleza chini na kurusha miguu, hapana, hiyo ilizidi. Nilichopenda ni baada ya filimbi: Carli Lloyd wa Marekani akamfuata kipa wa Thailand, Sukanya Chor Charoenying, kumpa moyo, na mwenzake Alex Morgan, aliyefunga matano, akamkumbatia Miranda Nild wa Thailand. Nyie mliowahi kucheza, mlipofungwa nyingi mlitaka mpinzani afanye nini?