Nilinunua kivuli, kikahama

Jamani, kuna aliyewahi kukalia kiti cha gari lililoshinda juani tangu asubuhi? Basi tuelewane. Nimetoka kusaini karatasi kwenye ofisi ya watu, suruali ya kitambaa, shati limenyooka, nafungua IST yangu kwa heshima zote. Kile chuma cha mkanda wa kiti kikanigusa kiunoni, nikatamka neno ambalo mzee wa kanisa hapaswi hata kulijua.

Na kivuli nilikuwa nimelipia!

Paking yenyewe ipo hapo mjini Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, ina mjakaranda mmoja tu. Asubuhi chalii mmoja mwenye filimbi alinipokea kwa shangwe: "Mshua, lete huku, kata kulia, kata, kata, acha hivyo hivyo! Hapo umeula. Kivuli buku tu." Ushuru wa yule dada wa kimashine uko pale pale, hii buku ni ya kivuli peke yake. Nikatoa.

Saa nane mchana narudi. IST inawaka. Kivuli chote kimetandazwa juu ya Prado ya mtu.

"Kijana, kivuli changu kiko wapi?"

"Shikamoo mzee." Asubuhi nilikuwa mshua, kesi imekuja nimekuwa mzee.

"Marahaba. Kivuli changu kiko wapi?"

Akautazama mti, akanitazama mimi. "Si kile pale."

"Pale pana Prado."

"Kimehama, mzee wangu. Mimi nilikukabidhi kikiwa hapa, na wewe ulikiona."

"Na mwenye Prado kakulipa?"

"Yule kaja saa saba, kalipia cha saa saba."

"Kwa hiyo mti mmoja unauuza mara mbili?"

"Mara tatu. Jioni kinakwenda kwa mama ntilie, ila yeye analipa kwa chai."

Mama ntilie, mwiko mkononi, akathibitisha: ni kweli, na hana deni. Dereva wa toyo akashuka kabisa kuja kuamua kesi. Akasema kosa ni la mteja, kivuli hakinunuliwi bila kutaja saa unayorudi. Nikadai chenji. Chalii akasema chenji hana, ila atanipa boksi la kuziba kioo. Tukalitafuta boksi. Lilikuwa kwenye kioo cha Prado.

Hapo nikapandisha sauti ya mkutano wa hadhara. Nikawaambia: Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2023, paking yoyote ya nje inayozidi mita za mraba 1,500 iwekewe mapaa ya sola, angalau nusu ya eneo lake. Nusu! Gari linakaa kivulini, paa linazalisha umeme, hakuna wa kuuziwa cha saa saba.

"Mzee, umeme si upo?" akasema chalii. "Bwawa la Nyerere peke yake megawati 2,115. Unataka na mapaa tena?"

"Bwawa litanifunika kiuno?"

Toyo akacheka, nikapata nguvu. Nikachukua kijiti nikapiga hesabu vumbini. Nafasi ya gari moja ni mita mbili na nusu kwa tano. Ukiifunika paneli unapata kilowati mbili na ushee, na kwa jua letu hili uniti kumi kwa siku hazikosekani. Gari dogo la umeme hapo linatembea kilomita hamsini: Njiro, mjini, Njiro, na kesho yake tena. Magari yetu kazi yake kubwa ni kusimama, bora yasimame yakila. Hata hizo paneli zenyewe zikichemka zinalegea, umeme unapungua, ndiyo maana mafundi huziachia nafasi upepo upite chini. Paneli inahurumiwa, mimi nimeachwa na buckle ya moto.

"Sasa zikija, mimi nitauza nini?" akauliza chalii, safari hii bila utani.

Mama ntilie akamwambia ataosha paneli, maua ya mjakaranda na kunguru wa mji huu watampa ajira mpaka azeeke. Wakaanza kupanga bei ya kuosha. Mbele yangu! Paa halijajengwa, nimeshawekewa tozo, na buku yangu hakuna anayeikumbuka.

Nikawasha gari niondoke, kifodi kikanizibia njia ya kutokea. Nimepiga honi mpaka mkono umechoka. Konda ananing'inia mlangoni ananionyesha vidole viwili, bado abiria wawili. Ndani wameshabanana wanne kwenye kiti cha watatu, mama mmoja kampakata mtoto na kuku, kuku ndiye aliyekaa vizuri. Nikamwambia chalii, nitaiva humu ndani.

"Mzee, si uwashe AC!"

AC! AC ya gari hili ilibaki Japani na mwenye gari wa kwanza.