Kila Mtu na Kizingiti Chake

Kizingiti cha mlango wa jirani yangu hapa Kigogo, Dar es Salaam, kimeshafika magotini. Ukienda kumsalimia unakivuka kama unaingia kwenye mtumbwi. Kila masika ikituumiza anaongeza tofali. Kitanda chake kimesimama juu ya matofali, na televisheni ameitundika karibu na dari. Nilimtania: "Mzee, ukiongeza tena itabidi utuwekee ngazi." Akanijibu bila kucheka, "Mwanangu, maji hayana utani."

Ndiyo maana nachoka nikisikia kwamba watu hawachukui hatua juu ya mabadiliko ya tabianchi kwa sababu hawana elimu. Mzee huyu anaujua Mto Msimbazi kuliko wanaokuja kuupiga picha. Mvua ikikesha Pugu na Kisarawe, yeye anaanza kupandisha magunia ya mchele hata kama kwetu halijadondoka tone. Neno "tabianchi" hulisikii mdomoni mwake, na simlaumu. Ni neno la semina: huja na fulana, chai, vitumbua na nauli ya kurudia nyumbani, kisha bango likikunjwa nalo linaondoka.

Hatua tunachukua, ila kila mtu yake. Maji yakizuiwa mlangoni kwa mzee hayarudi Pugu, yanakuja kwangu. Nami mwezi Februari nimepandisha kizingiti changu kozi mbili za tofali. Sijamuuliza mama muuza chapati aliye chini yangu anafikiriaje.

Wengine husema, si wahame? Walishahamishwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na serikali ikawagawia waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, kilomita kama 30 kutoka katikati ya jiji. Baadhi waliuza wakarudi, tukawaita wakaidi. Lakini mtu anayebeba mizigo Kariakoo kuanzia alfajiri atatoka Mabwepande saa ngapi, na kwa nauli ya nani? Bondeni maji huingia siku chache kwa mwaka. Siku nyingine zote anakwenda kazini kwa miguu. Ukipiga hesabu yake kwa kalamu yake, huoni ujinga wowote.

Na mimi ninayejifanya mjuaji? Jikoni kwangu kuna mtungi wa gesi. Ni wa chai na mayai. Maharage yanachemka kwenye jiko la mkaa, na najua fika kwamba mkaa huo ni misitu ya Pwani na Morogoro inayoshuka kwenye viroba. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naunga mkono kabisa. Ila kujaza mtungi kunataka pesa nzima kwa mkupuo, na mkaa nanunua kisado kwa pesa ya leo.

Kuna siku moja tu niliona jiji zima likitii. Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Kimbunga Hidaya, boti za Zanzibar zilisimama na hata wabishi wa mtaani kwetu walilala mapema. Hidaya alikuwa na jina, na alikuwa na siku ya kufika. Alipokaribia pwani akapungua nguvu, na huku kwetu utani ukaanza: mgeni mwenyewe yuko wapi? Kumbe huko Somanga barabara ya Lindi ilikuwa imekatika, na magari yamepanga foleni. Wiki moja tu nyuma, Waziri Mkuu alikuwa amelieleza Bunge kwamba mvua za El Niño na maporomoko vimeua watu 155. Hizo hazikuwa na jina la mtu wala siku ya kufika, zilinyesha tu wiki baada ya wiki, na tulizizoea kama tunavyozoea mgao wa umeme.

Jumapili iliyopita mwenyekiti wa mtaa alituita tuzibue mtaro. Umejaa chupa, nepi na mchanga, maji hayana pa kupita. Tulifika watu saba, akiwemo mzee wangu na reki yake. Tulimsubiri sana fundi wa mtaani, mwenye koleo na toroli. Kijana tuliyemtuma akarudi na jibu kwamba fundi amebanwa na kazi, anapandisha kizingiti nyumba ya tatu kutoka kwangu.