Antiheliamu bado haijanishawishi

Walimu wenzangu wa fizikia hapa Kisumu wamegawanyika kuhusu AMS-02, kinasa chembe kilichofungwa kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa mwaka 2011. Desemba 2016, kiongozi wake Samuel Ting alitangaza kuwa kati ya mabilioni ya chembe zilizonaswa, chache zinafanana na viini vya antiheliamu, yaani heliamu ya antimaada, pacha wa maada mwenye chaji kinyume. Baadhi ya wenzangu wanaona hapo alama ya maada ya giza, ile isiyoonekana inayokadiriwa kuwa asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni.

Hoja yao ina uzito. Kwa mujibu wa nadharia nyingi, chembe za maada ya giza zikikutana huangamizana, na mara chache mno huacha viini vya antimaada. Mionzi ya kosmiki, yaani chembe za kasi zinazotoka angani, nayo huvizalisha ikigonga hidrojeni iliyotanda kati ya nyota, ila kwa taabu: protoni lazima iwe na nishati mara 17 ya ile ya tungamo lake ndipo itoe antidiuteroni (kiini cha antiprotoni moja na antineutroni moja), nayo hutoka ikienda mbio. Ile itokayo kwa maada ya giza hujikokota. Ukinasa antidiuteroni ya polepole, ni vigumu kuitafutia mzazi mwingine. Tena mwaka 2022, watafiti wa jaribio la ALICE kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, walikokotoa kwamba takriban nusu ya antiheliamu inayotokana na maada ya giza katikati ya galaksi yetu ingetufikia.

Kinachonizuia ni hesabu. Protoni zinapogonganishwa CERN, kila antinukleoni (antiprotoni au antineutroni) inayoongezwa kwenye kiini hupunguza mavuno takriban mara 1,000. Basi penye antiheliamu chache pangejaa antidiuteroni, na AMS-02 haijatangaza lundo kama hilo. Isitoshe, AMS-02 hutambua antimaada kwa upande inakopindishwa na sumaku, na heliamu ya kawaida ikijigonga ndani ya chombo yaweza kupinda upande usio wake na kusomwa kama antiheliamu.

Ndiyo maana naitegemea zaidi GAPS, kinasa kingine cha chembe kilichoundwa kupaa kwa puto juu ya Antaktika. Haitumii sumaku: antidiuteroni hukwama kwenye silikoni na kutoa eksirei za nishati inayojulikana. Puto hilo lingerushwa hapa kwetu Maseno, penye kibao cha ikweta kando ya barabara ya Busia, lingeambulia patupu, kwa kuwa uga sumaku wa Dunia huzirudisha chembe za polepole kabla hazijafika. Karibu na ncha za Dunia huingia.

GAPS ikinasa hata antidiuteroni chache zenye alama hizo, nitahamia upande wa wenzangu. Isiponasa, nadharia kadhaa za maada ya giza nyepesi zitalazimika kupunguza madai yake.